Nani Alitangulia? Mjadala wa Mifupa ya Ruhuhu

Hoja iliyo mezani ni hii: je, tuwafundishe watoto wetu kwamba dinosaria wa kwanza duniani aliishi Tanzania?

Mnyama anayetajwa ni Nyasasaurus parringtoni. Sehemu ya mifupa yake iliokotwa mwaka 1933 na Francis Rex Parrington, mwanazuolojia wa Cambridge, katika bonde la mto Ruhuhu, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Ilikaa makumbusho hadi Desemba 2012, ndipo jina hilo likatangazwa rasmi katika jarida la kisayansi. Umri uliotajwa ni miaka milioni 243 hivi. Eoraptor na Herrerasaurus wa Argentina, waliohesabiwa kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa dinosaria wa kale kuliko wote, ni wa miaka milioni 231. Kwa hiyo wa kwetu anawatangulia kwa zaidi ya miaka milioni 10, ikiwa kweli ni dinosaria na ikiwa kweli umri wake ni huo. Ubishi wote umekaa kwenye hizo "ikiwa" mbili.

Sauti tatu zinazobishana hapa chini nimezitunga mimi, lakini wanachobishania ni cha kweli. Mwalimu ni mstaafu wa Songea aliyefundisha biolojia sekondari. Binti ni mpwa wake, mhitimu wa jiolojia. Mhifadhi ni mama aliyefanya kazi makumbusho maisha yake yote. Nami sitakaa kimya, kwa sababu jambo hili nina msimamo nalo.

MWALIMU: Mimi nasema ndiyo, na ninasema bila kigugumizi. Kila mtoto wa nchi hii amesikia habari za mjusi wa Tendaguru. Yule ni mkubwa, sikatai; anafika zaidi ya mita 13 kwenda juu pale aliposimamishwa Berlin. Lakini ni wa juzi, miaka milioni 150 tu. Huyu wa Ruhuhu alikufa karibu miaka milioni 100 kabla ya yule wa Lindi kuzaliwa. Na ushahidi upo. Mfupa wa mkono wa juu una ukingo mrefu ambapo misuli ya bega na kifua inashika; ukingo huo unachukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa mfupa, kama ilivyo kwa dinosaria. Pingili zilizoshikana na nyonga ni tatu. Na walipokata kipande chembamba cha mfupa wakakitazama kwa hadubini, waliona nyuzi zilizosukwa bila mpangilio, dalili ya mnyama aliyekua haraka. Mnataka nini zaidi?

BINTI: Nataka nyonga, Mjomba. Na mguu.

MWALIMU: Eleza.

BINTI: Kinachomtambulisha dinosaria kwa uhakika zaidi kiko kiunoni. Mfupa wa paja unaingia kwenye tundu la nyonga, na kwa dinosaria tundu hilo limetoboka moja kwa moja. Kwa reptilia wengine wengi limezibwa na mfupa. Nyasasaurus hana nyonga iliyopatikana. Hana paja wala kifundo cha mguu, na fuvu pia hakuna. Mifupa iliyoko London ni mkono mmoja wa juu na pingili chache za mgongo. Iliyoko Cape Town ni pingili tu, za shingo na za mgongo. Pingili tatu za kiunoni ulizozitaja hazitoshi, kwa sababu Herrerasaurus mwenyewe anazo mbili na hakuna aliyemfukuza kwa hilo, huku baadhi ya wanyama walio nje ya ukoo wanazo zaidi ya mbili. Hata kukua haraka kumeonekana kwa jamaa wa mbali wa dinosaria. Ndiyo maana waandishi wa 2012 waliandika kwa uangalifu kwamba huyu ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Magazeti yalichukua nusu ya kwanza ya sentensi yakaiacha nusu ya pili.

Hapo Binti ana haki. Sterling Nesbitt, Paul Barrett na wenzao hawakuficha shaka yao. Kati ya majina ya waandishi hao kulikuwa na la Alan Charig, aliyeichambua mifupa hiyo katika tasnifu yake ya Cambridge mwaka 1956 na kufariki mwaka 1997. Wenzake walimwandika miaka 15 baada ya kifo chake kwa sababu kazi ilikuwa yake tangu mwanzo. Naliheshimu sana jambo hilo.

MWALIMU: Basi nije kwa njia nyingine. Mwaka 2010, kutoka miamba hiyohiyo ya Ruhuhu, iitwayo Manda, ilitangazwa spishi inayoitwa Asilisaurus kongwe. Siyo pingili chache na mkono mmoja. Mifupa ya wanyama wasiopungua 14. Tunajua alitembea kwa miguu minne, alikuwa na urefu wa mita 1 hadi 3, uzito wa kilo 10 hadi 30, na ncha ya taya la chini kama mdomo wa ndege. Yeye ni wa kundi la silesauridi, na silesauridi wanahesabiwa kuwa ndugu wa dinosaria. Sasa nisikilize, mwanangu. Mtoto wa baba mdogo akishazaliwa, huwezi kuniambia kwamba baba mkubwa bado hajazaliwa. Kama tawi la Asilisaurus lilishajitenga, basi tawi la dinosaria nalo lilishaanza safari yake siku hiyohiyo. Liwe na mifupa au lisiwe nayo.

BINTI: Hiyo hoja siipingi, na ni nzito kuliko ile ya mwanzo. Lakini inathibitisha kwamba tawi lilikuwepo mahali fulani duniani. Haisemi lilikuwepo Ruhuhu. Nchi kavu yote wakati huo ilikuwa bara moja, Pangea. Mnyama angeweza kutoka hapa hadi Brazili bila kuona bahari.

MWALIMU: Na nimesoma kwamba wako wanaosema silesauridi wenyewe ni dinosaria.

BINTI: Wapo. Mwaka 2020 Rodrigo Müller na Maurício Garcia wa Brazili walipendekeza kwamba silesauridi si ndugu wa nje, ni mababu wa kundi la dinosaria wala majani, lile lililokuja kuzaa wenye pembe na wenye magamba ya mgongoni. Kundi hilo lina tatizo la kale: kwa miaka mingi ya kipindi cha Triasi halionekani kabisa kwenye miamba. Pendekezo lao linaliziba pengo hilo. Likikubaliwa, Asilisaurus anakuwa dinosaria, na tena mwenye mifupa ya kutosha.

MWALIMU: Kwa hiyo nimeshinda.

BINTI: Likikubaliwa, Mjomba. Wengine wamepitia mifupa ileile wakaona silesauridi wako nje.

Nawaacha hapo kidogo, kwa sababu wote wawili wamempita mnyama ambaye kwangu ndiye mzito kuliko wote wa Manda: Teleocrater rhadinus.

Yeye naye aliokotwa na Parrington mwaka 1933, na Charig ndiye aliyempa jina katika tasnifu ileile. Mifupa ilikuwa pungufu, na bila kifundo cha mguu Charig hakuweza kusema kama huyu ni jamaa wa mamba au wa dinosaria. Swali likalala. Mwaka 2015 timu ya Nesbitt ilirudi Ruhuhu ikapata mifupa zaidi, na mwaka 2017 jibu likachapishwa. Teleocrater yuko upande wa dinosaria na ndege, chini kabisa kwenye shina, mapema baada ya upande huo kuachana na upande wa mamba. Ana shingo ndefu, mwili mwembamba wa mita 2 hadi 3, anatambaa kwa miguu minne, anakula nyama. Na kifundo chake ni cha mamba.

Hili lilivunja picha iliyokuwa vitabuni. Kwa miongo mingi wataalamu walitarajia kwamba jamaa wa mwanzo wa dinosaria angefanana na dinosaria mdogo: mwepesi, wa miguu miwili, mwenye kifundo kinachokunja kama bawaba. Walichora mstari ulionyooka kutoka kwa kijimnyama hicho hadi kwa wale wakubwa. Teleocrater anaonyesha kwamba kifundo cha aina ya mamba kilikuwa cha mababu wa pande zote mbili, na kwamba sifa tunazoziita za dinosaria zilikuja moja moja, katika muda mrefu, kwa wanyama ambao ukiwaona ungewaita mijusi warefu. Jamaa zake wametambuliwa India, Urusi na Brazili, mifupa ambayo ukoo wake ulikuwa haujaeleweka. Mnyama mmoja wa bonde letu aliwapa wote hao ukoo.

Ndiyo maana hoja ya "wa kwanza" hainiridhishi. Inamtafuta mmoja wa kuvikwa taji, na inaacha kando jambo ambalo mabonde machache sana duniani yanalo.

MHIFADHI: Nimewasikiliza. Mwalimu, unasema "wa kwetu, wa kwetu". Mifupa ya Nyasasaurus iko wapi?

MWALIMU: London na Cape Town, mama.

MHIFADHI: Basi mtoto wako wa Songea ukimwambia dinosaria wa kwanza ni wetu, akikuuliza nikamwone wapi, utamjibu nini? Hili ndilo linaloniuma. Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikapanda meli tani kwa tani kwenda Ujerumani. Boheti bin Amrani aliyesimamia wachimbaji kule, ni Watanzania wangapi wanaolijua jina lake? Ya Ruhuhu ikafuata njia ileile kwenda Uingereza, na mkusanyaji mwingine, Ernst Nowack, akapeleka yake Tübingen. Mwaka 1963, nchi imeshapata uhuru, msafara wa makumbusho ya London ulikuja tena. Kujivunia bila kuwa nacho mkononi ni nusu ya jambo.

BINTI: Lakini mama, hilo limebadilika. Mifupa ya Asilisaurus, na ile ya Teleocrater iliyopatikana 2015, imesajiliwa kwa jina la Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hata ikisafirishwa kwenda kuchambuliwa nje, ni mali ya hapa.

MHIFADHI: Najua, binti yangu, na ninaifurahia. Ila kusajiliwa ni kitu kimoja, kuonwa na watu ni kingine. Tazama Zimbabwe. Mwaka 2022 walimtangaza Mbiresaurus raathi, wa miaka milioni 230 hivi, mifupa karibu yote ya mwili, na makao yake ni makumbusho ya Bulawayo. Wao hawana haja ya "ikiwa". Wana mnyama karibu mzima, ni dinosaria, na yuko nyumbani.

MWALIMU: Lakini ni mdogo kwa miaka zaidi ya milioni 10 kuliko wetu.

BINTI: Hapo ndipo nataka niseme la pili, Mjomba, na hili halisemwi sana. Ile milioni 243 ilipatikanaje?

MWALIMU: Si walipima miamba?

BINTI: Hapana. Ukitaka kupima umri wa mwamba kwa mionzi ya atomi unahitaji madini yanayofaa, hasa ya majivu ya volkano yaliyotua wakati ule ule. Umri wa tabaka la Lifua, lile lenye mifupa hii, ulikadiriwa kwa kulinganisha wanyama wake na wa Karoo, Afrika Kusini. Wanyama wakifanana, miamba inahesabiwa kuwa rika moja. Lakini umri wa ile ya Afrika Kusini nao ulitokana na ulinganishaji. Mwaka 2014 watafiti wa Argentina walipima majivu ya kwao, kwenye miamba yenye wanyama wa aina hiyo, wakapata miaka milioni 236 hivi. Kama wanyama wanaofanana ni rika moja kweli, basi Manda huenda ni changa kuliko tunavyosema. Pengo la miaka milioni 12 linaweza kushuka hadi 5.

MWALIMU: Na kama hawakuwa rika moja? Aina moja ya mnyama inaweza kudumu muda mrefu mahali pamoja kuliko pengine.

BINTI: Kweli, na wako wanaosema hivyo. Ndiyo maana siwezi kuweka 243 ubaoni kana kwamba imechongwa kwenye jiwe.

Mwalimu alinyamaza. Nami namwelewa. Amefundisha kwa vitabu ambamo Afrika huonekana mwishoni mwa sura, kwenye kisanduku. Akipata namba inayoiweka Songea juu ya ukurasa wa kwanza, kumwambia aishike kwa vidole viwili ni kumwomba mengi. Lakini lipo jambo ambalo hakuna kipimo cha majivu kitakachomwondolea, na nataka alisikie.

Miaka milioni 252 iliyopita, volkano za Siberia zilitapika kwa muda mrefu, joto likapanda, bahari zikakosa hewa, na sehemu kubwa ya viumbe wa dunia ikafa. Hakuna maangamizi makubwa kuliko hayo katika historia ya uhai. Bonde la Ruhuhu lina miamba ya kabla ya tukio hilo na miamba ya baada yake. Katika ile ya Permia, ya zamani zaidi, wamo wawindaji wenye meno marefu kama majambia na walaji majani wenye pembe mbili za mdomoni, yaani disinodonti. Katika ile ya Triasi, ya Manda, tunawakuta waliobaki na waliokuja upya wakiishi pamoja. Disinodonti wenye maungo ya ng'ombe bado wanakula mimea kando ya mito. Stenaulorhynchus, rinkosauri mwenye mdomo uliopinda, anakata na kusaga kwa safu za meno. Sinodonti kama Scalenodon, jamaa wa mababu wa mamalia, wana meno ya kutafunia. Hao ni upande wetu sisi. Na juu ya wote wapo wa ukoo wa mamba, ambao siku zile hawakukaa majini wakisubiri.

BINTI: Waliosimama wima, Mjomba. Mandasuchus wa Charig, aliyechapishwa rasmi 2018. Nundasuchus songeaensis wa 2014, karibu mita 3, meno ya kukatia nyama, safu ya magamba ya mfupa mgongoni. Jina lake la pili ni la mji wako.

MWALIMU: Na la kwanza ni la nunda, yule mla watu wa kwenye hadithi. Huyo wanafunzi wangu wangemkumbuka hata wakiwa wazee.

BINTI: Sasa mwangalie huyo kisha ujiulize kwa nini dinosaria walishinda. Charig aliamini walishinda kwa miguu. Alisema kutoka kutambaa, hadi kunyanyuka nusu, hadi kusimama wima kabisa, kila hatua ilimshinda aliyetangulia. Lakini jamaa wengi wa mamba wa Triasi nao walisimama wima. Mwaka 1983 Michael Benton akasema haikuwa mashindano. Dinosaria walijaza nafasi zilizoachwa na waliokufa. Mwaka 2008 Stephen Brusatte na wenzake wakapima maumbo ya mifupa wakakuta kwamba muda mrefu wa Triasi ukoo wa mamba ulikuwa na maumbo mengi zaidi kuliko dinosaria. Aliyekuwa anaongoza ni mamba.

MHIFADHI: Ikawaje wakaanguka?

BINTI: Volkano tena, mama. Miaka milioni 201 iliyopita, Pangea ilipoanza kupasuka na Atlantiki ikaanza kufunguka. Karibu wote wa ukoo wa mamba walipotea, wakabaki wale waliozaa mamba wa leo. Dinosaria walipita. Kwa nini walipita, hapo bado wanabishana. Wengine wanataja mapafu, wengine manyoya ya kuhifadhi joto, wengine bahati.

MWALIMU: Kwa hiyo kama Nyasasaurus ni dinosaria na umri wake ni ule, basi dinosaria waliishi miaka milioni 40 wakiwa wadogo kwenye uwanja wa wengine.

BINTI: Hata asipokuwa dinosaria, jamaa zake waliishi hivyo. Asilisaurus, Teleocrater, wote.

Hilo ndilo ninalolishikilia mimi. Manda haituonyeshi mfalme akiingia. Inatuonyesha jamii nzima ambamo mfalme wa baadaye hajulikani, na kama ungesimama kando ya mto ule ukaulizwa ni nani atakayeitawala dunia, ungemnyooshea kidole Nundasuchus na ungekosea. Kuna mabonde mengi yenye dinosaria. Yenye hali hii ya kabla, na kwa ukamilifu huu, unaweza kuyahesabu kwa vidole. Hii ni habari kubwa kuliko taji la "wa kwanza", na haitegemei nyonga ambayo hatujaipata.

MWALIMU: Sikubaliani nawe kabisa, mwandishi. Mtoto wa kidato cha pili haji darasani kwa ajili ya "jamii nzima". Anakuja kwa ajili ya mnyama mmoja mwenye jina. Mpe Nyasasaurus kwanza, mlango ukifunguka utamwonyesha waliobaki. Ila nakubali kuandika "huenda". Nitaandika kwamba huenda dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana aliishi hapa, na nitawaeleza ni mfupa gani unaokosekana.

BINTI: Ukiwaeleza mfupa unaokosekana, Mjomba, umewafundisha zaidi ya kitabu.

MWALIMU: Na watoto wanaochunga ng'ombe kule, wakiona mfupa umechungulia kwenye udongo mwekundu?

MHIFADHI: Wasiuchimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda masalia ya wanyama wa kale kama inavyolinda magofu. Wapige picha, waweke alama kwa mawe pembeni, waende ofisi ya kijiji, na kijiji kiwasiliane na makumbusho au Idara ya Mambo ya Kale.

BINTI: Na wasiusogeze hata kidogo. Mfupa ukishaondoka kwenye tabaka lake bila kuandikwa ulikuwa wapi, hatutajua tena ni wa milioni 243 au wa 236, na tutarudi kubishana hivi hivi.